Picha Ilipohukumiwa na Mkono Ukaachwa: Funzo la Msimu wa Mwisho wa "The Wild Wild West"

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani Karagwe kwa mapumziko ya mwisho wa mwaka. Siku ya tatu nilialikwa kwenye mkutano wa kijiji. Ajenda kuu ilikuwa banda la video lililopo kwenye senta yetu, lile ambalo vijana hulipa sarafu chache wakaangalia filamu na mpira. Wiki mbili kabla, kijana mmoja alikuwa amemkata baba yake mdogo mkono kwa panga. Mzee alipona, lakini vidole viwili havikurudi. Kijiji kilikuwa kimeingiwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa imeshapata jina: filamu.

Wasemaji walisimama mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema vijana wa siku hizi wamefundishwa kuua na Wazungu wa kwenye kioo. Mwingine alisema zamani mambo haya hayakuwapo. Kiongozi aliyeendesha mkutano alipendekeza banda lifungwe, na mikono mingi ikanyooshwa. Nilipopewa nafasi kwa sababu eti mimi ni msomi, niliuliza swali moja tu: yule kijana na baba yake mdogo walikuwa wanagombania nini? Palikuwa na ukimya. Kisha mama mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Mpaka, mwanangu. Mpaka wa shamba la kahawa."

Nikaambiwa yaliyobaki. Shamba lilikuwa la marehemu baba wa kijana. Baba mdogo alikuwa ameshauza kahawa ya msimu huo ikiwa bado maua, yaani kwa butura, na fedha zimekwisha. Shauri la mpaka lilikuwa limelala kwenye baraza kwa miaka minne. Kuhusu filamu, hakuna aliyekuwa na uhakika kama kijana yule aliwahi hata kuingia katika banda lile.

Jioni ile nilikumbuka kisa cha Marekani cha mwaka 1969, ambacho wanafunzi wangu wa historia hukisikia kila ninapofundisha kuhusu dola na vyombo vya habari. Ni kisa cha tamthilia ya televisheni iliyofutwa ikiwa bado inapendwa. Naomba msomaji anivumilie nikisimulie kwa kirefu, kwa sababu naamini kinatuhusu sisi wa Karagwe na Kyerwa kuliko tunavyodhani.

Tamthilia yenyewe

Wa rika langu wanalifahamu jina "Wild Wild West" kutokana na filamu ya Will Smith ya mwaka 1999. Mimi niliiona katika banda la video, mkanda ukiwa umetoka Kampala na sauti ya mfasiri wa Kiganda ikiwa imewafunika waigizaji. Sikujua wakati huo kwamba filamu ile ilikuwa kivuli cha kitu cha zamani zaidi. Tamthilia asilia ilionyeshwa na shirika la televisheni la CBS kuanzia Septemba 1965 hadi Aprili 1969, misimu minne, jumla ya vipindi 104. Niliiona yote miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni ughaibuni, kwa sababu maktaba ya chuo ilikuwa na diski zake na baridi ilikuwa kali.

Wazo lake lilikuwa la ajabu kidogo. Muasisi wake, Michael Garrison, alichukua jasusi wa aina ya James Bond akampandisha farasi. Hadithi imewekwa katika miaka ya 1870, enzi ya Rais Ulysses Grant. Maofisa wawili wa siri wa serikali, James West na Artemus Gordon, wanasafiri kwa treni yao wenyewe kuwakabili watu wanaotaka kuipindua nchi. West, aliyeigizwa na Robert Conrad, ni mtu wa ngumi. Gordon, aliyeigizwa na Ross Martin, ni mtu wa kujibadilisha sura na kubuni vifaa. Adui wao mkubwa ni Dk. Miguelito Loveless, mwanasayansi mwenye kimo kifupi sana na akili nyingi sana, aliyeigizwa na Michael Dunn.

Kuna jambo moja kuhusu Loveless ambalo wengi hulipita. Katika kipindi anachojitokeza kwa mara ya kwanza, chanzo cha ghadhabu yake ni ardhi. Anadai kwamba eneo kubwa la California lilikuwa mali ya ukoo wake na kwamba alinyang'anywa. Tamthilia haimpi haki. Inampa wazimu, na mwisho wake ni kushindwa. Hata hivyo waandishi walijua, pengine bila kukusudia, kwamba nyuma ya mtu mwenye silaha mara nyingi kuna shauri la mpaka ambalo hakuna aliyelisikiliza.

Msimu wa mwisho

Msimu wa nne, ulioanza Septemba 1968, ulikuwa wa mikosi tangu mwanzo. Januari ya mwaka huo Conrad alikuwa ameanguka kutoka kwenye kinara cha taa alipokuwa akirekodi mapigano, akaumia kichwa vibaya kiasi kwamba kazi ya msimu wa tatu ilisimamishwa kabla ya wakati. Kipindi alichoumia kilikuja kuonyeshwa ndani ya msimu wa nne. Ross Martin naye alivunjika mguu wakati wa kurekodi, na Agosti 1968 akapata shambulio la moyo. Vipindi tisa vikafanyika bila yeye. Mahali pake waliwekwa waigizaji mbalimbali, akiwamo Charles Aidman aliyeshiriki vinne. Anayeangalia msimu huo kwa mfululizo anaiona pengo: West anafanya kazi na mwenzake mpya, siku nyingine na mwingine, mpaka Gordon anaporudi.

Hata hivyo, mikosi hiyo siyo iliyoiua tamthilia. Watazamaji walikuwapo wa kutosha. Kilichoiua kilitoka nje ya studio.

Mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa damu nchini Marekani. Aprili 4 aliuawa Martin Luther King, na miji mingi ikawaka moto. Juni 5 alipigwa risasi Robert Kennedy, akafariki siku iliyofuata. Siku chache baadaye Rais Lyndon Johnson aliunda tume ya kuchunguza vyanzo vya ukatili na namna ya kuuzuia, ikiongozwa na Milton Eisenhower, mdogo wake rais wa zamani. Katika Seneti, John Pastore wa Rhode Island, aliyesimamia kamati ndogo ya mawasiliano, aliyaandama mashirika ya televisheni kuhusu mapigano yanayoingia sebuleni kwa watu. Mashirika yakaogopa. Waandaaji waliambiwa wapunguze ngumi. Halafu, mwanzoni mwa mwaka 1969, CBS ikaamua kwamba "The Wild Wild West" haitarudi. Ilikuwa sadaka nzuri: ilikuwa na sifa ya mapigano mengi kuliko nyingine, na kuifuta kungeonekana ni kutii.

Sasa tujiulize ni mambo gani mengine yaliyokuwa yakitendeka katika miezi hiyohiyo. Marekani ilikuwa na askari zaidi ya 500,000 Vietnam. Katika mwaka 1968 peke yake Wamarekani zaidi ya 16,000 walifia huko, na Wavietnam waliokufa walikuwa wengi zaidi kwa mbali. Bunduki zilikuwa zikiuzwa madukani. Mitaa ya watu weusi ilikuwa na umaskini uleule ambao King alikuwa ameulalamikia. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichoweza kufutwa kwa barua moja ya mkurugenzi. Tamthilia iliweza.

Tume ya Eisenhower ilitoa ripoti yake ya mwisho Desemba 1969. Ilikubali kwamba televisheni ina mchango wake na ikayakosoa mashirika. Lakini haikusema kwamba televisheni ndiyo chanzo kikuu. Ilielekeza macho kwenye umaskini, ubaguzi, ajira, miji iliyooza na silaha mikononi mwa raia, na ikataka vita ikimalizika fedha za taifa zielekezwe huko. Sehemu hiyo ya ripoti ndiyo iliyosahauliwa upesi. Tamthilia ilikuwa imeshazikwa miezi minane kabla, na kila aliyehusika alikuwa ameshahesabiwa kuwa amefanya jambo.

Wala haikuzikwa kweli. Iliuzwa kwa vituo vidogo na ikaendelea kuonyeshwa kwa miaka, mara nyingi saa za alasiri ambapo watoto wako nyumbani. Adhabu ilikuwa ya maonyesho, nayo ilipokwisha kuonyeshwa, biashara ikaendelea.

Mtu mmoja, nchi mbili za magharibi

Kabla sijarudi kwetu, niongeze jambo linaloziunganisha historia hizi mbili kwa kamba ya kweli, wala si kwa mfano tu. Mwaka 1867 kijana mmoja mwandishi wa gazeti la Missouri alifuatana na jeshi la Jenerali Hancock katika nyanda za magharibi ya Marekani, akiripoti vita na mikataba kati ya serikali na wenyeji wa asili wa nchi ile. Jina lake Henry Morton Stanley. Miaka tisa baadaye, mwanzoni mwa 1876, mtu huyohuyo alikuwa Karagwe, mgeni wa Omukama Rumanyika, na alikwenda kuziona chemchemi za maji moto za Mtagata. Magharibi ile ambayo tamthilia iliipamba kwa treni na vifaa vya ajabu, Stanley aliiona kwa macho yake. Kisha akaja kutuona sisi.

Njiani kuja kwetu alipita Bumbire, kisiwa cha Ziwa Viktoria ambacho leo kimo mkoani Kagera. Mwezi Aprili 1875 aligombana na wenyeji. Agosti akarudi kulipiza kisasi akiwa na bunduki na mitumbwi, akawapiga risasi watu waliokuwa ufukweni na kuua makumi. Tunajua hayo kwa sababu aliyaandika mwenyewe katika barua alizotuma kwa magazeti ya London na New York. Uingereza palizuka kelele, na jumuiya za wapenda haki zikamlaumu. Lakini ukizisoma lawama zile na yaliyofuata, unabaki na shaka kwamba kosa lake kubwa machoni mwa wengi lilikuwa kuyaandika. Wasafiri wengine walifyatua risasi pia, yeye alichapisha. Miaka michache baadaye Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimwajiri kwa kazi ya Kongo, naye akapokewa tena katika kumbi za heshima. Wa Bumbire hawakulipwa chochote.

Ona jinsi mambo yanavyofanana. Tendo linavumilika, picha ya tendo ndiyo inayoleta aibu. Basi picha inashughulikiwa.

Sisi katika miezi ileile

Mtu asidhani kwamba hofu ya 1968 ilikuwa ya Wamarekani peke yao. Wakati msimu wa mwisho ulipokuwa ukionyeshwa, Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona ni anasa kwa nchi maskini, na hoja hiyo ilikuwa na uzito wake. Zanzibar ilianza matangazo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri mpaka 1994, ITV ilipoanza, na kituo cha taifa kikaja mwaka 2000.

Lakini hata bila kioo sebuleni, tulikuwa na hofu yetu kuhusu vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969 ikapigwa vita sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na vipodozi vya kujichubua. Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Walioyafanya hayo hawakuwa wajinga. Walikuwa wanajenga taifa, na walikuwa na sababu ya kuchukia utumwa wa kuiga. Ila mji ulikuwa ukijaa vijana waliokimbia vijiji kutafuta kazi ambayo haikuwapo. Ni rahisi kupima upana wa suruali. Kupima upana wa ajira kunahitaji kazi nyingi zaidi.

Sasa nizungumze juu ya nyumbani. Ukatili mkubwa uliowahi kuingia mkoani Kagera katika umri wa wazazi wetu na wetu haukuletwa na mkanda wa video. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na mwanzoni mwa Novemba Amin akatangaza kwamba eneo la kaskazini ya mto Kagera ni lake. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda, na maelfu wakakimbia. Waliofanya hayo walikuwa askari wenye sare na amri.

Kisha ukaja mwaka 1994. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe. Ilikuja kuwa wilaya kamili mwaka 2012. Mto Kagera, ambao ni mpaka wetu na Rwanda, ulibeba miili ya watu kwa majuma mengi, ukaifikisha hadi Ziwa Viktoria. Wakimbizi walikuja kwa makumi ya maelfu, kambi zikafunguliwa Kyabalisa, Kagenyi, Rubwera. Sisi watoto tulikatazwa kwenda mtoni. Kuna aliyekatazwa akaenda, na hakuzungumza kwa siku mbili. Hakuna filamu niliyoiona baadaye iliyonifundisha kitu kuhusu ukatili ambacho mto ule haukuwa umeshanifundisha.

Pingamizi ninaloliheshimu

Hapa mwanafunzi makini ataninyooshea kidole, na ana haki. Atasema: Mwalimu, umeitaja Rwanda, na Rwanda ndiyo ushahidi kwamba chombo cha habari kinaweza kuua. Redio RTLM, iliyoanza matangazo mwaka 1993, iliwachochea wauaji na hata kuwataja watu kwa majina na mahali walipojificha. Desemba 2003, hapahapa Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliwatia hatiani watu watatu, wawili wakiwa waasisi wa redio hiyo na mmoja mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilitengua baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini msingi ulibaki: maneno yanaweza kuwa sehemu ya jinai.

Nalikubali hilo lote. Sijasema kwamba picha na sauti hazina nguvu. Ningesema hivyo, ningekuwa nimepoteza miaka yangu ya kufundisha. Ninachosema ni kwamba lazima tutofautishe. RTLM haikuwa hadithi ya ngumi kati ya jasusi na adui wa kubuni. Ilikuwa sauti ya watu wenye uhusiano na mamlaka, ikiwaelekeza watu wenye mapanga kwa majirani halisi, wakati jeshi na wanamgambo wako barabarani. Ukitaka kupima hatari ya chombo, usihesabu ngumi zilizomo. Uliza nani anasema, anamtaja nani, na nani yuko tayari kutii. Kwa kipimo hicho RTLM ilistahili kunyamazishwa mapema, na dunia ilichelewa. Kwa kipimo hichohicho James West hakuwa na hatia.

Kuna pia jambo lililogunduliwa na msomi George Gerbner, ambaye utafiti wake kuhusu ukatili katika televisheni ulianza katika kipindi hicho na kuitumikia tume ya Eisenhower. Kwa miaka iliyofuata alifikia hoja kwamba athari kubwa ya kuangalia ukatili mwingi siyo kuiga. Ni kuogopa. Mtazamaji anaanza kuiona dunia ni mbaya kuliko ilivyo, na mtu mwenye hofu huomba ulinzi, hata ulinzi unaomnyima haki. Nikiukumbuka mkutano wetu wa kijiji, naona Gerbner alikuwa na hoja. Waliokuwa wameathiriwa na ukatili wa kwenye kioo si vijana peke yao. Tulikuwa sisi wazee tulionyoosha mikono.

Yanayotuhusu leo

Nitoe mfano mmoja wa karibu, kwa ajili ya watumishi wa umma wanaonisoma na ambao najua wengi wao ni watu wa nia njema. Novemba 2017 kulifanyika uchaguzi mdogo wa madiwani nchini. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilitoa taarifa iliyodai kwamba katika uchaguzi huo palikuwa na vitendo vya ukatili na ukiukwaji wa haki. Vituo kadhaa vya televisheni viliitangaza. Januari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ikavitoza vituo vitano faini ya jumla ya shilingi milioni 60, ikisema taarifa zao zilikiuka maadili ya utangazaji.

Pengine taarifa zile zilikuwa na upungufu wa kitaaluma; mamlaka ina kazi yake ya kusimamia kanuni. Lakini kama raia nina swali lile nililouliza kijijini. Madai ya watu kupigwa na kukamatwa yalichunguzwa kwa kasi ileile iliyotumika kuvitoza vituo faini? Kama jibu ni hapana, basi tumefanya alichofanya mkurugenzi wa CBS mwaka 1969, kwa tofauti moja nzito: yeye aliondoa ngumi za kubuni, na sisi tuliadhibu habari za ngumi za kweli.

Wanaharakati nao wasijione wamesalimika. Tumezoea kuamini kwamba video moja ikisambaa, haki imetendeka. Tunasambaza, tunalaani, tunahamia nyingine. Huo nao ni ugonjwa uleule wa kuishughulikia picha badala ya jambo. Kijana wa kijijini kwetu alirekodiwa kwa simu akichukuliwa na polisi, na video hiyo iliangaliwa na watu wengi kuliko watakaowahi kuusoma mwenendo wa shauri la mpaka wake.

Na wanafunzi wangu, ninawaomba kitu kimoja cha kitaaluma. Mkisikia chombo chochote kinalaumiwa kwa ukatili wa jamii, iwe banda la video, muziki wa singeli au simu ya mkononi, msikimbilie kukitetea wala kukishutumu. Fanyeni kazi ya mwanahistoria. Andikeni upande mmoja wa karatasi yale yaliyoonekana kwenye picha. Andikeni upande wa pili yale yaliyokuwa yakitendeka katika nchi siku hizohizo: bei ya kahawa, mashauri yaliyolala, vita, ajira, nani ana silaha. Kisha angalieni ni upande upi uliochukuliwa hatua. Mara nyingi mtaona ni ule uliokuwa rahisi.

Mkutano ulivyoisha

Banda la video lilifungwa kwa miezi mitatu. Sikupinga kila kitu. Nilikubali kwamba watoto wadogo wasiingie usiku, kwamba mlango uwe wa pili kwa ajili ya hatari ya moto, na kwamba mwenye banda asionyeshe uchafu. Hayo ni mambo ya busara, na hayahitaji kisingizio cha panga. Niliomba pia kijiji kiandike barua ya pamoja kuuliza mashauri ya mipaka yaliyolala yatasikilizwa lini. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, rafiki wa marehemu baba yangu, aliniambia taratibu, "Mwanangu, barua hiyo itatuletea maneno. Hili la banda tumeliweza." Sikumjibu, kwa sababu alikuwa amesema ukweli wote kwa sentensi mbili.

Barua iliandikwa hatimaye, ikiwa na saini kumi na tisa. Nimepiga simu nyumbani wiki hii. Miezi mitatu imepita na banda limefunguliwa tena. Vijana wanaangalia mpira. Kijana yuko mahabusu akisubiri kesi yake. Baba mdogo amejifunza kuchuma kahawa kwa mkono wa kushoto. Shauri la mpaka halijapangiwa tarehe.